Kura na Maradhi ya Maskini

Somo letu la leo ni juu ya maradhi na kura. Huenda msomaji akastaajabu, akasema: maradhi ni kazi ya daktari, na kura ni mambo ya siasa, viwili hivi vyakutana wapi? Twamjibu kwamba vyakutana katika maji tunywayo, katika njia tupitazo na katika matumizi ya fedha za umma. Ushahidi wetu tutautoa mbali na pwani, huko Sirisia, ili tupate kupima mambo bila ya upendeleo, kisha tuirudie miji yetu.

Sirisia ni jimbo la uchaguzi katika kaunti ya Bungoma, karibu na Mlima Elgon, mpakani na Uganda. Wadi zake ni Namwela, Malakisi na Lwandanyi, na wenyeji wengi ni wakulima. Bungoma ni miongoni mwa kaunti za upande wa Ziwa Victoria ambako malaria imeota mizizi. Basi tuwatazame watoto wawili wa nchi kama hiyo, mmoja wa tajiri na mmoja wa maskini. Mbu awaumaye ni mmoja. Lakini wa kwanza hulala ndani ya chandarua, na akishikwa na homa usiku babake ana nauli ya kumpeleka hospitali. Wa pili hana hili wala lile. Akifa, watu husema kauawa na malaria. Ni kweli, lakini ni nani aliyeifungulia malaria mlango? Ni ufukara, ni ujinga, ni njia mbovu, ni zahanati isiyo na dawa.

Jambo hili si geni. Mwaka 1848 daktari Rudolf Virchow alipelekwa Upper Silesia, iliyokuwa chini ya Prussia, kuchunguza homa iliyokuwa ikiua watu. Akarejea na shauri la kuwapa watu elimu, uhuru na maisha bora. Baadaye, mwaka 1859, aliingia katika baraza la mji wa Berlin, akapigania mji ujengewe mifereji ya maji machafu. Alitambua kwamba tiba nyingine haziandikwi hospitalini, bali hupitishwa barazani.

Na kwetu Kenya mambo ni hayo hayo. Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 43, imempa kila mtu haki ya afya, ya maji safi na ya chakula. Kisha ikazikabidhi kaunti hospitali zake, zahanati, huduma za maji na uondoaji wa taka. Tangu mwaka 2013, basi, gavana na wawakilishi wa wadi ndio walioshika funguo za mambo hayo.

Mwezi wa Agosti mwaka huo huo wa 2013, mama mmoja maskini alikwenda kujifungua katika hospitali kuu ya Bungoma. Alikuta vitanda vya kuzalia vimekaliwa, akazaa sakafuni, tena akafanyiwa ukatili. Miezi michache kabla yake serikali ilikuwa imetangaza kuwa uzazi ni bure. Mama huyo alishtaki, na mwezi wa Machi 2018 Mahakama Kuu ilimpa haki yake na fidia ya shilingi 2,500,000, ikasema kwamba serikali hazikutenga mali ya kutosha kwa afya. Na katika kaunti hiyo hiyo, mwaka 2015, ilifichuka kwamba zilinunuliwa wilbaro 10, kila moja kwa shilingi 109,320, ilhali dukani huuzwa kwa elfu chache tu. Mwenye akili na ayaweke mambo haya mawili pamoja, kisha ahukumu.

Kwa hivyo yatupasa tumuulize kila mtaka kura maswali haya. La kwanza: maji safi yatafika lini, na kwa fedha gani? La pili: zahanati ya wadi ina muuguzi na dawa, na kama haina, atafanya nini? La tatu: alipokuwa na amana ya watu mkononi, iwe ya shule, ya chama au ya msikiti, aliitunzaje? Asiyeweza kujibu, hata akiwa wa kabila letu au jamaa yetu, hafai. Na atugawiaye unga siku ya mkutano anatununua kwa chakula cha siku moja, nasi tutakaa na ugonjwa miaka mitano.

Wala kazi haishi siku ya kura. Kifungu cha 201 cha Katiba kinataka wananchi washirikishwe katika mambo ya fedha za umma. Bajeti ikijadiliwa na sisi tumekaa barazani tukinywa kahawa, tusilaumu mtu.

Enyi ndugu zetu wa Mombasa, Kilifi, Kwale na Lamu, sheria iwahusuyo watu wa Sirisia ndiyo ituhusuyo sisi. Kila mmoja na autazame mtaro wa mtaa wake na mfereji wake wa maji, kisha ajiulize kura yake alimpa nani, na kwa sababu gani.