Somo la Mwezi: Minofu ya Mwanza na Haki ya Mfanyakazi



Mwezi huu twavuka bahari hata Ziwa Victoria, kwani mambo ya sangara yaweza kumfunza mwenye mikarafuu.

Tangu miaka ya 1990 Mwanza ina viwanda vikatavyo minofu ya sangara na kuipeleka Ulaya. Mwaka 1999 Ulaya ilifunga mlango kwa hofu ya samaki waliovuliwa kwa sumu. Ikabidi ukaguzi utengenezwe, toka mialoni hata viwandani. Basi twajua kwamba sharti la mnunuzi lina nguvu.

Lakini sharti lile lilikuwa la afya ya mlaji. Je, avuaye usiku na akataye minofu, nani huwaangalia? Sumu hupimwa katika samaki. Ujira wa dhuluma hauonekani katika mnofu.

Njia ipo. Tangu mwaka 2001 Ulaya hupokea bidhaa za nchi maskini, Tanzania ikiwamo, bila ya ushuru, kwa mpango uitwao Kila Kitu ila Silaha. Nchi ikivunja vibaya na kwa kuendelea mikataba mikuu ya Shirika la Kazi Duniani, kama ile ikatazayo kazi za kulazimishwa, nafuu ya ushuru yaweza kuondolewa. Myanmar iliondolewa nafuu yake mwaka 1997 kwa kosa hilo, ikarudishiwa mwaka 2013.

Tusichanganye: kuondolewa nafuu si kufungiwa soko, ni kutozwa ushuru. Tena adhabu huiangukia nchi nzima. Kiwanda kilipacho vizuri hutozwa sawa na kidhulumucho, na kazi zikipungua, wa kwanza kutolewa ni kibarua. Kwa hiyo hiyo ni dawa ya mwisho. Kinga bora ni sheria ya nyumbani, mkaguzi wa kazi, na chama cha wafanyakazi.

Nasi Zanzibar tunayo Sheria ya Ajira ya mwaka 2005. Msimu ukifika, tuandike jina la kila mchumaji na pishi zake, tumlipe kama tulivyoagana, wala mtoto asipandishwe mkarafuuni. Mnunuzi akiuliza, daftari lijibu.

Maswali ya kuzungumza mkutanoni:

1. Kwa nini sumu hukaguliwa kwa wepesi kuliko ujira?

2. Adhabu ya ushuru humwumiza nani kwanza?

3. Je, daftari lako la msimu uliopita laweza kuonyeshwa mgeni?