Kijana na Maisha Yaliyobadilika

SABATO MCHANA

Soma kwa Ajili ya Somo la Juma Hili: Danieli 1:1–16, 2:17, 18, Yeremia 28:1–4, 29:4–14, Mhubiri 4:9–12, 1 Wafalme 19:1–18, Matendo 13:13, 15:36–39, 2 Timotheo 4:11.

Fungu la Kukariri: Mhubiri 4:10.

Wilayani Kyela, kijana aliyevuka miaka 20 hukutana na mabadiliko mengi kwa mara moja. Mmoja amemaliza kidato cha nne na matokeo hayakumpeleka mbele. Mwingine ameolewa Matema, mbali na mama yake. Wa tatu alikwenda Dar es Salaam kutafuta kazi, akarudi mikono mitupu, na sasa anaona haya kuonekana kanisani. Wote watatu wana kazi moja: kupatanisha walichokitamani na hali iliyopo.

Mwanasaikolojia Erik Erikson, katika kitabu chake cha mwaka 1950 kuhusu hatua za maisha, alieleza kwamba kijana wa umri huu hujenga uhusiano wa karibu na wengine, au hubaki mpweke. Juma hili tunajifunza kwamba kumudu mabadiliko kunahitaji mambo mawili: kujua la kupokea na la kushikilia, na kuwa na watu wa kusafiri nao.

JUMAPILI
Kupokea, Kuomba, Kukataa

Soma Danieli 1:1–16. Danieli alikubali mambo gani huko Babeli, na alikataa nini?

Mwaka 605 K.K. Danieli na wenzake walipelekwa uhamishoni wangali vijana. Walipewa majina mapya, wakawekwa miaka mitatu kujifunza elimu na lugha ya Wakaldayo. Biblia haisemi kwamba waliyapinga hayo. Lakini kuhusu chakula cha mfalme, Danieli alikuwa amekwisha kukata shauri moyoni.

Angalia pia namna alivyokataa. Hakugoma wala hakutukana. Aliomba kwa adabu, na alipoona mkubwa wake anaogopa, alipendekeza jaribio la siku kumi. Yako basi mambo ya kupokea, mambo ya kuomba yabadilishwe, na mambo ya kushikilia kwa gharama yoyote. Anayeshikilia kila kitu huvunjika, na anayeachilia kila kitu hujipoteza.

Kijana amepata kibarua mpakani Kasumulu, na tajiri wake anamtaka afanye kazi siku ya Sabato. Mfano wa Danieli unamfundisha aanze na hatua gani?

JUMATATU
Miaka Miwili au Sabini?

Soma Yeremia 28:1–4 na 29:4–14. Linganisha ahadi ya Hanania na barua ya Yeremia.

Hanania aliwapa watu walichopenda kusikia: miaka miwili tu, na mambo yatarudi kama zamani. Yeremia aliandika juu ya miaka 70, akawaagiza wajenge, wapande, waoe. Anayeamini kwamba ataondoka kesho hapandi bustani.

Mkulima wa Kyela analielewa hili. Mpunga huvunwa msimu uleule, lakini mche wa kokoa humtaka angoje miaka mitatu au zaidi. Kijana anayesema, “Nitaanza maisha nikipata ajira,” anaweza kungoja huku shamba likiota magugu. Wengine huukimbia ukweli kwa visingizio, kwa kumlaumu mzazi, au kwa pombe. Kupokea hali ilivyo si kukata tamaa. Barua ileile iliyotaja miaka 70 ndiyo yenye ahadi ya matumaini (29:11).

Ni jambo gani unaloweza kupanda sasa, kabla hali yako haijabadilika?

JUMANNE
Kijiji cha Rika

Soma Mhubiri 4:9–12 na Danieli 2:17, 18. Danieli alikwenda wapi alipokuwa hatarini?

Kati ya mwaka 1934 na 1938, Godfrey na Monica Wilson walichunguza maisha ya Wanyakyusa. Mwaka 1951 Monica alichapisha kitabu kuhusu vijiji vyao vya rika. Wavulana wa miaka kumi hivi waliondoka katika kijiji cha baba zao wakajenga vibanda vyao pamoja, huku wakiendelea kula kwa mama zao na kulima mashamba ya baba zao. Walipooa, walileta wake zao hapo. Hatimaye, katika sherehe iliyoitwa ubusoka, kizazi cha baba kilikabidhi uongozi kwa kizazi cha wana.

Desturi hiyo haikuwa kamilifu. Wazee wenye ng'ombe walioa wake wengi, na vijana walingoja miaka mingi kupata mke. Uhaba wa ardhi na safari za kutafuta kazi vilichangia kuiondoa. Hata hivyo, kijana hakuvuka kuingia utu uzima peke yake, na wazee walijua wakati wa kumwachia nafasi.

Katika kanisa lenu, ni nani rika la kijana aliye peke yake? Wazee wamemkabidhi kazi gani?

JUMATANO
Chini ya Mretemu

Soma 1 Wafalme 19:1–18. Mungu alimpa Elia nini kabla ya kumpa kazi?

Elia aliomba afe. Mungu hakuanza kwa kumkemea. Alimwacha alale, akamlisha mara mbili, ndipo akamuuliza maswali na kusikiliza majibu yake. Kisha alimpa kazi, akamtajia Elisha na watu 7,000 waaminifu.

Huzuni ikidumu zaidi ya wiki mbili, kijana akakosa usingizi na hamu ya chakula, asifurahie chochote, apelekwe kituo cha afya. Akizungumzia kufa, asiachwe peke yake, na msaada utafutwe siku hiyohiyo. Maombi yaendelee. Lakini kumwambia “omba zaidi” bila kumsaidia ni kumnyima mkate ambao malaika alimpa Elia.

ALHAMISI
Aliyerudi Njiani

Soma Matendo 13:13; 15:36–39 na 2 Timotheo 4:11. Nini kilibadilika kati ya Paulo na Marko?

Yohana Marko aliiacha safari, akarudi Yerusalemu. Paulo alikataa kumchukua tena. Barnaba alimchukua, wakasafiri pamoja mpaka Kipro. Miaka mingi baadaye Paulo mwenyewe aliagiza Marko aletwe, kwa kuwa alimfaa katika utumishi.

Kijana aliyerudi kutoka mjini bila kitu anajua kwamba ameshindwa, hahitaji kukumbushwa. Anahitaji mtu wa kutembea naye na kazi ya kufanya.

IJUMAA
Maswali ya Kujadili

1. Gawanya karatasi sehemu tatu: ninayopaswa kupokea, ninayoweza kuomba yabadilishwe, nisiyoweza kuyaacha. Ni lipi umeliweka mahali pasipo pake?

2. Mzazi anawezaje kumwachia mwanawe nafasi bila kumtupa?

3. Darasani, tajeni vijana walioacha kuja kanisani. Nani atamtembelea nani kabla ya Sabato ijayo?