Barafu ya Mbali, Somo la Karibu: China katika Ncha ya Kaskazini

Mwezi Juni na Julai baridi ya Sumbawanga hutulazimisha kuvaa makoti hata mchana, lakini barafu ya Ncha ya Kaskazini hatujawahi kuiona. Kwa nini basi tuizungumzie? Kwa sababu inagusa swali tunalolijadili darasani: mwenye nguvu ana haki gani mahali pasipo pake?

Tuanze na hali halisi. Mwaka 1996 nchi 8 zenye ardhi katika Aktiki ziliunda Baraza la Aktiki, na leo mashirika 6 ya wenyeji hushiriki humo kwa kudumu. China haina ardhi huko. Mpaka wake wa kaskazini uko zaidi ya kilomita 1,400 kutoka Duara la Aktiki. Hata hivyo, mwaka 2013 ilikubaliwa kuwa mwangalizi, asiye na sauti katika maamuzi. Mwaka huohuo meli yake ya mizigo, Yong Sheng, ilipita kaskazini mwa Urusi hadi Ulaya. Januari 2018 ilitoa waraka ikijieleza kuwa nchi iliyo karibu na Aktiki. Sababu zinaeleweka: barafu ikiyeyuka, safari hufupika, na gesi, mafuta na madini hufikika.

Je, ni kosa? Tusikimbilie kuhukumu. Sisi tunaijua China pia kwa reli ya TAZARA, iliyojengwa kati ya 1970 na 1975 kwa mkopo usio na riba, baada ya nchi za Magharibi kukataa. Ndugu zetu wa Tunduma wanaiona reli hiyo hadi leo. Kwa hiyo jina la nchi si kipimo.

Kipimo tunakipata kwa Papa Yohane XXIII. Katika Pacem in Terris (1963) anafundisha kwamba mahusiano ya mataifa yaongozwe na ukweli, haki, mshikamano na uhuru. Basi tuulize: Je, mgeni anasema wazi anachotafuta? Je, kila mmoja anapata stahili yake? Je, mzigo unabebwa pamoja? Je, mdogo anaweza kusema hapana?

Ufipa inajua gharama ya kukosa majibu hayo. Mwaka 1890 Ujerumani na Uingereza zilikubaliana mpaka kati ya Ziwa Nyasa na Ziwa Tanganyika. Watawala wa Nkansi na Lyangalile hawakuwa mezani. Ndiyo maana hata wanaoilaumu China leo wapimwe kwa mizani hiyohiyo, na zile nchi 8 pia, kwa namna zinavyowasikiliza wenyeji wao.

Nasi je? Mwaka 2016 ilitangazwa kwamba Bonde la Rukwa lina gesi ya heliamu. Wageni watakuja, wengine kwa nia njema. Tusiwapokee kwa hofu wala kwa kushangilia tu, bali kwa maswali.

Ya kutafakari katika jumuiya:
1. Katika kijiji chetu, nani huamua juu ya ardhi, na nani hasikilizwi?
2. Je, sisi wenyewe tukiwa na nguvu, nyumbani au parokiani, tunamwachia mdogo nafasi ya kusema hapana?