Kabla ya Kumpa Kontrakta Fedha Zako

Wakulima wengi waliopata mashamba katika mpango wa ekari milioni moja, ulioanza mwaka wa 1962, walijenga kwanza nyumba ndogo ya mbao au ya udongo. Fedha zilikuwa za kulipa deni la shamba na kununua ng'ombe. Sasa watoto na wajukuu wao wanataka nyumba ya mawe, au wanataka kuongeza vyumba kwenye ile ya zamani. Hilo ni jambo jema. Lakini baada ya shamba lenyewe, nyumba ndiyo kitu cha bei kubwa kuliko vyote utakavyonunua maishani, na watu wengi huinunua kwa uangalifu mdogo kuliko wanavyonunua ndama.

Ukienda kununua ng'ombe wa maziwa huangalia kiwele na meno, na huuliza mama yake alikamuliwa maziwa kiasi gani. Mwangalie kontrakta vivyo hivyo.

Jirani yangu mmoja aliuza viazi vya msimu mzima na ng'ombe wawili ili ajenge. Kontrakta alikuja na maneno matamu. "Mzee, nipe nusu sasa, kabla bei ya simiti haijapanda." Mzee akatoa nusu, mkononi, bila karatasi. Msingi ulichimbwa, kuta zikafika kwenye madirisha, kisha kontrakta akapotea. Baadaye ilijulikana kwamba fedha zile zilimaliza nyumba ya mtu mwingine, ambaye naye alikuwa amelipa mapema na kungoja sana. Kuta za mzee zilinyeshewa misimu miwili ya mvua, na watoto wake wakaendelea kulala katika nyumba ya mbao inayovuja. Alipokwenda kwa chifu hakuwa na hata mstari mmoja wa maandishi wa kuonyesha.

Basi jifunze kwa mzee huyu. Shika jambo moja kuliko yote: lipa kazi iliyokwisha kufanywa, usilipe kazi iliyoahidiwa.

Kwanza, namna ya kumtafuta. Mwambie kontrakta akuonyeshe nyumba mbili alizojenga, moja ya mwaka huu na moja iliyopitiwa na mvua za miaka mitatu. Nenda mwenyewe, na uzungumze na mwenye nyumba wakati kontrakta hayupo. Angalia pembe za madirisha, maana huko ndiko nyufa huanzia. Funga na ufungue milango. Uliza kama kazi ilikwisha kwa bei ile waliyopatana, au kama bei iliongezeka njiani. Mwulize vile vile kontrakta kama ameandikishwa na Mamlaka ya Taifa ya Ujenzi, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka wa 2011. Makontrakta wa majengo wamegawanywa katika madaraja manane, na daraja ya 8 ndiyo ya chini. Usione haya kuomba kuona cheti. Mtu mwenye cheti hufurahi kukionyesha.

Ramani ya nyumba yako ipelekwe kwa serikali ya kaunti ipate kibali kabla ya jembe kuingia ardhini. Zamani kazi hiyo ilikuwa ya kaunseli, lakini tangu mwaka wa 2013 ni ya kaunti. Usikubali kontrakta akuambie kwamba mambo hayo yataangaliwa baadaye.

Halafu amueni ni kandarasi ya namna gani. Ziko mbili. Katika ya kwanza kontrakta huleta vifaa na watu, na wewe unalipa bei moja. Katika ya pili wewe unanunua vifaa, naye analipwa kazi ya mikono tu. Kwa mkulima anayekaa shambani kwake kila siku mimi naona ya pili ni bora, maana utahesabu mifuko ya simiti kwa macho yako. Lakini ina taabu yake: vifaa vikichelewa, vibarua wanakaa bure, na kosa ni lako. Kama unafanya kazi mbali na nyumbani, chagua ya kwanza, na uandike kila kifaa kwa jina na kipimo. Usiandike "mabati" peke yake. Andika geji. Wengi hudhani namba kubwa ndiyo bati nene, na sivyo. Bati la geji 28 ni nene kuliko la geji 30, na la 32 ni jembamba zaidi. Mtu akiandikiwa "mabati" tu ataleta la 32, na hutakuwa na neno la kumjibu.

Sasa tufike kwenye malipo. Tuseme kazi ya mikono ni shilingi 240,000. Huu ni mfano tu, usiufanye kuwa bei. Siku ya kuanza mpe shilingi 24,000 za kusafirisha vyombo na kulisha watu. Msingi na sakafu ya chini vikiisha, 60,000. Kuta zikifika kwenye linta na linta ikimwagwa, 60,000. Nyumba ikiezekwa, 48,000. Plasta, milango na madirisha vikiisha, 24,000. Shilingi 24,000 zilizobaki zikae kwako miezi sita, mpaka mvua ndefu ipite juu ya paa lile. Pakivuja au ukuta ukipasuka, kontrakta atarudi kurekebisha, kwa sababu fedha zake ziko kwako. Kontrakta mzuri hatakasirika kwa mapatano haya. Lakini na wewe timiza ahadi: hatua ikiisha leo, mlipe leo. Vibarua wake wana watoto nyumbani kama wewe.

Mapatano haya yaandikwe karatasi mbili zinazofanana, moja yako na moja yake. Ziandikwe kazi yenyewe, bei, hatua za malipo, siku ya kuanza na siku ya kumaliza. Mtie sahihi nyote wawili na mashahidi wawili. Mkeo, au mumeo, ajue kila neno lililomo. Ukibadili shauri katikati ya kazi, kwa mfano ukitaka dirisha lingine, andikeni bei yake kabla halijajengwa. Hapa ndipo ugomvi mwingi huanzia, na mara nyingi mwenye nyumba ndiye mwenye kosa. Ukilipa kwa M-Pesa ujumbe unabaki. Ukilipa mkononi, pata sahihi.

Usidhani kwamba kwa sababu wewe si fundi huwezi kukagua kazi. Pembe za msingi unaweza kuzipima kwa kamba. Kutoka kwenye pembe pima futi 3 upande mmoja na uweke alama, kisha futi 4 upande wa pili. Kutoka alama hadi alama iwe futi 5 barabara. Ikizidi au ikipungua, pembe si sawa, na paa litakusumbua. Fanya hivyo kamba zikiwa zimefungwa tu, kabla ya kuchimba, maana kurekebisha kamba ni bure.

Kama shamba lako lina udongo mweusi wa mfinyanzi, msingi uchimbwe mpaka ardhi ngumu. Udongo huo hufura wakati wa mvua na kupasuka wakati wa kiangazi, na nyumba inayokaa juu yake hupasuka nao. Shuka shimoni mwenyewe ulione kabla ya zege kumwagwa, kwa kuwa likifunikwa halionekani tena.

Zege la kawaida la sakafu huchanganywa karai moja la simiti, mawili ya mchanga na manne ya kokoto, karai lile lile. Mchanga uusugue mkononi; mkono ukibaki na tope, urudishe. Zege likishagandamana, limwagiwe maji kila siku kwa siku saba. Kazi hii hudharauliwa sana, na yaweza kufanywa na mtoto akitoka shule.

Kwa wale wanaoongeza vyumba, nina mawili. Chumba kipya kina msingi wake, nacho kitadidimia kidogo kikitafuta pa kukaa, lakini ile nyumba ya zamani imekwisha kukaa. Kwa hiyo kuta mpya zisifungwe na za zamani kwa nguvu. Paachwe nafasi nyembamba kati yao, izibwe kwa kitu laini. Na paa la nyumba ya zamani likiwa la asbestosi, usimruhusu mtu kulipasua kwa nyundo wala kwa msumeno. Vumbi lake huharibu mapafu, na madhara huonekana baada ya miaka mingi. Uliza kwanza ofisi ya NEMA ni nani mwenye ruhusa ya kuliondoa. Na usibomoe mahali unapolala kabla nyumba mpya haijaezekwa, hata kontrakta akisema ni kazi ya wiki mbili.

Mambo yakiharibika, mwandikie kontrakta barua kwanza, umpe siku za kurudi, nawe ubaki na nakala. Asiporudi, nenda kwa chifu na karatasi zako. Liko pia Korti la Madai Madogo, kwa sheria ya mwaka wa 2016, linalosikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni moja. Uliza kwenye korti iliyo karibu nawe kama linakaa huko. Huhitaji wakili, ila utaulizwa karatasi ya mapatano, risiti na picha za kazi. Ziweke pamoja na hati ya shamba, mbali na panya na paa linalovuja.