Farasi Aliyeshinda kwa Uwongo

Huko Uingereza, karibu na mji mkubwa wa London, kuna mji mdogo uitwao Epsom. Juu ya vilima vyake kuna uwanja mpana wa majani. Kila mwaka watu wengi sana hukusanyika hapo kutazama mbio za farasi. Jina la mbio hizo ni Derby.

Mbio za kwanza zilifanywa mwaka 1780. Jina lilitoka kwa bwana mkubwa mmoja, Lord Derby. Watu husimulia kwamba yeye na rafiki yake, Charles Bunbury, walirusha sarafu juu ili wajue mbio zitachukua jina la nani. Derby akapata. Lakini farasi aliyeshinda mwaka ule, Diomed, alikuwa wa Bunbury!

Mwanzoni farasi walikimbia maili moja. Tangu mwaka 1784 hukimbia maili moja na nusu, ndiyo karibu mita 2,400. Hawaruki nyua wala mitaro. Hukimbia tu, kila mmoja na mpandaji wake mgongoni.

Iko sheria moja kubwa: kila farasi awe wa miaka mitatu, asizidi wala asipungue. Kwa nini? Kwa sababu farasi wa miaka minne ana nguvu zaidi. Je, mtoto wa darasa la kwanza aweza kushindana mbio na kijana wa darasa la tano?

Mwaka 1844 farasi aliyeitwa Running Rein alifika wa kwanza. Lakini watu wengine walidai kwamba yule si Running Rein, bali ni Maccabeus, farasi wa miaka minne. Wa pili alikuwa Orlando, farasi wa Jonathan Peel. Shauri likapelekwa mbele ya hakimu.

Mashahidi wakasema, hawa hivi, hawa vile. Hakimu akaona maneno hayatoshi. Watu waweza kusema uwongo, lakini meno ya farasi huonyesha miaka yake. Basi hakimu akaamuru farasi mwenyewe aletwe, atazamwe kinywa. Wakangoja. Farasi hakuletwa. Mwenye kudai zawadi akaacha shauri lake, na Orlando akahesabiwa mshindi. Hata leo jina la Orlando ndilo lililoandikwa kati ya washindi wa Derby.

Maccabeus alikimbia vizuri, naye hakukosa kitu. Wenye kosa ni watu waliompa jina la mwingine. Walishangilia siku chache, wakabaki na aibu. Wahenga walisema kweli: Njia ya mwongo ni fupi.

MASWALI
1. Mbio za Derby zilianza mwaka gani?
2. Kwa nini farasi wote wawe wa miaka mitatu?
3. Hakimu alitaka kuona nini? Kwa nini?
4. Mtu akishinda kwa hila, je, ameshinda kweli? Eleza.