Mto Msimbazi: Kila Mmoja Wetu Ana Jirani wa Chini



Katika toleo hili somo letu linahusu Mto Msimbazi wa jijini Dar es Salaam. Tumeliandaa kwa ajili ya kamati za sharika, hasa kamati za diakonia, wanawake, vijana na ujenzi. Tumewakumbuka pia marafiki na wafadhili wetu, ambao mara nyingi hutuuliza kwa nini mto huu bado ni mchafu ingawa siku za usafi hazipungui. Kabla ya kuanza, kikundi kisome pamoja Ezekieli 34:17-19.

1. Mto wenyewe

Msimbazi huanzia katika vilima vya Pugu, wilayani Kisarawe. Husafiri takriban kilomita 35, ukipita Kinyerezi, Tabata, Vingunguti, Kigogo na Jangwani, kisha huingia Bahari ya Hindi penye mikoko karibu na Daraja la Selander. Njiani hupokea maji ya mito mingine, ikiwemo Ubungo na Sinza. Hivyo basi, bonde hili si la watu wa Jangwani peke yao. Maji ya mvua yanayotoka kwenye paa la nyumba Sinza au Kinyerezi nayo hushuka humo.

Mji umekua haraka kuliko huduma zake. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu watu zaidi ya milioni 4.3 katika Mkoa wa Dar es Salaam. Ile ya mwaka 2022 ikahesabu zaidi ya milioni 5.3. Wengi wao wanaishi katika maeneo ambayo hayakupimwa, ambako nyumba zimebanana na gari haliwezi kupita.

2. Uchafu unatoka wapi?

Ni rahisi kutaja viwanda na kuishia hapo. Ni kweli kwamba maji machafu ya viwanda, machinjio na gereji yanachangia, na hayo yanahitaji usimamizi wa serikali. Lakini kuna vyanzo vingine vitatu vilivyo karibu nasi zaidi.

(a) Vyoo. Ni sehemu ndogo tu ya wakazi wa jiji iliyounganishwa na mabomba ya majitaka. Wengine hutumia vyoo vya shimo na makaro. Choo kikijaa, gari la kunyonya majitaka linahitaji njia, na mwenye nyumba anahitaji fedha. Asipokuwa na kimojawapo, husubiri mvua kubwa usiku na kutapisha choo ili maji yachukue kila kitu. Magari nayo hupeleka majitaka kwenye mabwawa kama yale ya Vingunguti, ambayo maji yake baada ya kutibiwa huishia Msimbazi.

(b) Taka ngumu. Mahali ambapo mkokoteni wa taka haufiki, mfereji na korongo huwa ndio jalala. Serikali ilipiga marufuku mifuko ya plastiki kuanzia tarehe 1 Juni 2019, na hiyo ilikuwa hatua njema. Hata hivyo chupa, nepi na matambara bado vinaziba mitaro.

(c) Mchanga na ujenzi. Uchimbaji wa mchanga hulegeza kingo, nazo huporomoka pamoja na nyumba. Mchanga uliosombwa hujaza mto huko chini, kina kinapungua, na maji ya mafuriko hukosa pa kupita. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, lakini wengi walikuwa wamekwisha kujenga kabla ya hapo.

3. Fundisho la dampo la Tabata

Kwa miaka mingi taka za jiji zilimwagwa Tabata. Wakazi walichoshwa na moshi, harufu na inzi, wakaenda mahakamani. Mwaka 1988 Mahakama Kuu iliwapa haki. Jiji liliendelea kuomba muda zaidi, na dampo likafungwa mwaka 1991. Huu ulikuwa ushindi mkubwa wa wananchi wa kawaida, na unastahili kukumbukwa.

Lakini tuangalie kilichofuata. Baadaye taka zilipelekwa Vingunguti, pembeni mwa mto uleule, kwa watu wengine, na dampo hilo likatumika hadi mwanzoni mwa miaka ya 2000. Tatizo lilihama likashuka bonde. Wakazi wa Tabata hawana lawama kwa hilo, maana walidai haki yao. Tunajifunza kwamba haki ya mtaa mmoja haitoshi, iwapo mtaa unaofuata ndio utakaobeba mzigo ule.

4. Nani anayelipa?

Wakulima wa mchicha na matembele bondeni hutumia maji ya mto kumwagilia. Utafiti uliochapishwa mwaka 1999 kuhusu mboga zilizolimwa kandokando ya mito Sinza na Msimbazi ulikuta metali nzito, ikiwemo risasi na kadimiamu. Metali hizo haziondoki zote kwa kuosha mboga wala kwa kuchemsha. Mama anayelima pale anasomesha watoto kwa fungu la mchicha, na mlaji hajui lilikotoka.

Desemba 2011 mafuriko yaliua watu zaidi ya 40 jijini, na familia nyingi za bondeni zikahamishiwa Mabwepande. Agosti 2015 mlipuko wa kipindupindu ulianzia Dar es Salaam, kisha ukaenea katika mikoa mingine mingi. Maji ya mafuriko yanapopita juu ya vyoo na kuingia visimani, magonjwa kama hayo hupata njia.

Mwaka 2022 Benki ya Dunia iliidhinisha mkopo wa dola za Marekani milioni 200 kwa ajili ya mradi wa kuendeleza Bonde la Msimbazi. Ulipaji wa fidia na uhamishaji wa wakazi ulifuata mwaka 2023. Tunaupokea mradi huo kwa shukrani. Lakini hata mto ukichimbwa na daraja likiinuliwa, choo kinachotapishwa Kigogo au Tabata kitaujaza tena.

5. Neno la Mungu

Katika Ezekieli 34 Bwana anahukumu kati ya kondoo na kondoo. Wale wenye nguvu wamekunywa maji safi, kisha wakayavuruga yaliyobaki kwa miguu yao, na kondoo wengine wakalazimika kunywa hayo. Tuone kwamba nabii hawalaumu kwa sababu walikunywa. Kosa lao ni kutomkumbuka anayekunywa baada yao.

Katika Katekisimo Ndogo, Luther anafundisha kwamba amri ya tano haikomei kwenye kutoua. Inatutaka pia tumsaidie jirani katika mahitaji ya mwili wake. Katika bonde la mto, jirani huyo ni rahisi kumtambua: ni yule aishiye chini yetu. Na hakuna asiye naye. Hata aliye Jangwani ana mvuvi wa Selander.

6. Kamati zifanye nini?

Siku ya usafi ni jambo jema, lakini taka zilizookotwa Jumamosi hurudi na mvua ya Jumatano. Tunapendekeza hatua hizi:

- Kamati ya ujenzi ikague vyoo vya usharika, shule ya chekechea na nyumba za watumishi: hunyonywa lini, na gari humwaga wapi? Idai stakabadhi.
- Baraza la Wazee litenge fungu dogo la kila mwaka kwa kazi hiyo, kama linavyotenga la umeme.
- Jumuiya za nyumba kwa nyumba zianzishe mfuko wa kunyonyea vyoo. Pasipofikika kwa gari, ipo pampu ndogo ya mkono na pikipiki ya matairi matatu. Njia hii imewahi kutumika Temeke.
- Kamati ya wanawake ikutane na wakulima wa bondeni kutafuta maji salama au shughuli mbadala, kabla ya kumwambia yeyote aache kulima.
- Sharika za juu na za chini ya mto zikutane angalau mara moja kwa mwaka.

Kwa wafadhili wetu: choo kinachonyonywa kwa wakati hakina picha ya kuvutia kama vijana mia moja wenye reki. Tunaomba mtuamini katika kazi hii isiyopigwa picha.

7. Maswali ya kujadili

1. Maji ya mvua kutoka kiwanja cha kanisa letu yanakwenda wapi? Fuateni mfereji kwa miguu mpaka mwisho.
2. Jirani yetu wa chini ni nani? Tumewahi kumtembelea?
3. Kwa nini mtu hutapisha choo? Tofautisheni asiyeweza na asiyejali.
4. Ni hatua ipi moja tutakayoanza kabla ya mvua za masika?

Majibu ya swali la nne yaletwe ofisi ya miradi ya dayosisi kupitia kwa mchungaji wa usharika. Mungu awabariki.