Antena ya kusikiliza radi: iweke chini, si juu ya malata

Mvua ya Lubumbashi haiji kimya. Kuanzia mwezi wa kumi na moja hadi wa tatu, ngurumo husikika Ruashi na Katuba kabla tone la kwanza halijagusa malata. Kongo yetu ni nchi ya radi kwelikweli: setilaiti zimehesabu Kabare, Kivu Kusini, zaidi ya mimweko 200 kwa kilomita ya mraba kila mwaka.

Mtu anayependa kuzifuatilia anaweza kufunga pokezi la radi nyumbani na kujiunga na Blitzortung, mtandao wa watu wa kujitolea ulioanzishwa Ujerumani na Egon Wanke. Radi hutoa mawimbi marefu ya redio, kilohezi 3 hadi 30, na mawimbi hayo husafiri mbali sana. Kila kituo huandika saa ya kupokea kwa kufuata saa ya GPS, kisha kompyuta hulinganisha saa za vituo vingi na kupata mahali radi ilipopiga. Kituo kimoja peke yake hakijui lolote.

Kosa la kufunga antena ya pokezi hilo linaanzia kwenye ngazi. Tumezoea antena ya televisheni, basi tunadhani na hii lazima ipande juu. Sivyo. Fito mbili za feriti zilizopishana kama msalaba ndani ya bomba la plastiki husikia vizuri zikiwa mita moja na nusu kutoka chini, juu ya nguzo ya mbao kwenye lupango, yaani kiwanja cha nyumba. Nguzo ndefu ya chuma unaiinua wewe, radi inakuja yenyewe. Na isimame mbali na waya za umeme za SNEL, umbali ambao hata ikianguka haitazigusa.

Kabla ya kuchimba shimo, chukua redio ndogo ya mawimbi ya kati, itoe kwenye stesheni zote, uzunguke nayo lupango. Karibu na inveta, chaja au taa za LED itavuma kama nyuki. Panapotulia, panafaa. Redio hiyohiyo ikikoroma kwa vishindo vifupi wakati mbingu ni nyeupe, jua kuna mvua inapiga mahali fulani.

Hatari yenyewe iko kwenye waya wa antena unaoingia nyumbani. Radi ikipiga mwembe wa jirani tu, waya huo unaweza kuleta mshtuko hadi mezani. Kwa hiyo, pale waya unapoingia ukutani, weka kinga ya mshtuko, ile mafundi wa hapa wanaita parafudri, iunganishwe kwa waya mfupi na fito ya ardhini. Fito hiyo ifungwe pamoja na ile ya umeme wa nyumba. Fito mbili zisizojuana ni mbaya kuliko moja. Pokezi lipe betri yake na ulipeleke kwenye intaneti kwa waifai, bila waya mrefu wa kompyuta. Delestaji ikija na umeme ukakatwa, litaendelea kusikiliza.

Fito ya ardhini tunajua inavyokwisha mjini hapa: shaba ikionekana leo, kesho iko kwa mnunuzi wa vyuma. Tumia chuma cha mabati, mita mbili, ukizike pamoja na maungio yake, na waya wake uwe chuma cha mabati pia, kwani shaba ikigusana nacho kwenye unyevu hukila. Udongo wetu mwekundu mwezi wa tisa ni mgumu kama tofali: mwagia maji jioni, chimba asubuhi.

Antena hii si kinga ya radi ya nyumba, haikukingi na chochote. Ukiona mmweko, hesabu. Ngurumo ikifika kabla ya sekunde 30, radi iko ndani ya kilomita kumi hivi. Ingia ndani, usiguse waya wala parafudri, ukae hadi dakika 30 zipite tangu ngurumo ya mwisho. Kama ulisahau kufunga kifuniko cha bomba la antena, liache lilowe.